Intro imegoma kabla ya menyu: kumtafuta mchawi kwenye DVD uliyoichoma mwenyewe

Saa tatu usiku simu iliita. Alikuwa mama mmoja wa Mbagala, ambaye asubuhi yake nilimkabidhi nakala sita za mkanda wa harusi ya binti yake. Nikasema shikamoo, akaipokea harakaharaka. "Marahaba mwanangu. Hivi harusi yenyewe ndiyo imeishia hapo?" Nikamuuliza imeishia wapi. "Majina yametokea ya dhahabu, matarumbeta yamelia, halafu giza. Wageni wako hapa na sahani za pilau mkononi, wanatazama giza."

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Deki ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mama alikifunua taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga. Nikaingiza diski. Sekunde 18 za intro zikapita bila kasoro, herufi zikang'aa, kisha skrini ikawa nyeusi na nembo ya deki ikaanza kuelea kutoka kona hii kwenda kona ile. Nikabonyeza kitufe cha Menu kwenye rimoti. Menyu ikaja palepale, na harusi yote ilikuwamo, kuanzia saluni mpaka keki. Diski ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa langu. Bwana harusi aliomba intro usiku wa mwisho, nikaichomeka, nikasahau kuiambia diski iende wapi baada ya intro kwisha. Kibaya zaidi, nilichoma nakala sita bila kujaribu hata moja kwenye deki.

Vijana siku hizi wanataka flashi au linki tu. Wazazi bado wanataka diski yenye picha ya maharusi kwenye kasha, kitu cha kuweka kabatini. Kwa hiyo kazi hii bado ipo, na intro kabla ya menyu ndiyo inayonirudishia wateja wenye malalamiko kuliko kitu kingine chochote. Haya hapa ni magonjwa niliyokutana nayo na dawa zake. Mimi natumia DVDStyler kwa kazi za kawaida na dvdauthor, ambayo amri unaziandika mwenyewe kwa maandishi, pale ninapotaka kuamua kila kitu mwenyewe. Zote ni za bure. Kama unatumia programu nyingine majina ya vitufe yatatofautiana, lakini kilichomo ndani ya diski ni kilekile.

Kwanza ujue diski inavyofikiri

Ukikagua diski kumi zenye intro iliyogoma, kwenye nyingi utaikuta klipu haina kosa lolote. Tatizo lipo kwenye maelekezo. Diski ya DVD haijui kuwa hii ni intro na ile ni harusi. Inafuata amri, na zinazotuhusu hapa ni mbili: ukiingizwa uanzie wapi, na kipande hiki kikiisha uende wapi.

Amri ya kwanza inakaa sehemu inayoitwa First Play. Deki ikishasoma diski, hapo ndipo inapopita kabla ya kwingine kokote. Wengi wanadhani First Play ni mahali pa kuweka video. Hapana, pale hapakai picha wala sauti, ni amri tupu, kama mlinzi wa getini anayekuonyesha mlango wa kuingilia. Intro yenyewe lazima ikae kwingine, na una nafasi mbili. Ya kwanza ni kuifanya taito, yaani video inayojitegemea kama ilivyo harusi yenyewe. Ya pili ni kuiweka upande wa menyu kuu ya diski, kule ambako programu zinaita VMGM, ikiwa kipande kinachotangulia menyu.

Amri ya pili inakaa mwishoni mwa kila kipande. DVDStyler inaiita Post command, dvdauthor inaiandika post. Kila taito ina ya kwake. Ikiwa tupu, taito ikiisha deki haina pa kwenda, inasimama. Ndiyo giza la Mbagala.

Basi kabla hujagusa chochote, chukua kipande cha karatasi uchore mishale: getini kwenda intro, intro kwenda menyu, kitufe kwenda harusi, harusi ikiisha kurudi menyu. Halafu ulinganishe na kilichoandikwa ndani ya mradi wako. Mshale uliokosekana ndio ugonjwa.

"Mbona inaingia menyu moja kwa moja?"

Intro umeiweka, unaiona kabisa kwenye orodha ya programu, lakini ukiingiza diski inakuja menyu. Hapa amri ya First Play inaelekeza menyu. Programu nyingi za kutengeneza DVD zikishaona mradi una menyu zinaweka hivyo zenyewe, kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyotaka. Kwenye DVDStyler ingia menyu ya DVD, kisha Options, utafute First Play Commands. Kwenye dvdauthor ni mstari mmoja ndani ya sehemu ya vmgm:

<fpc>jump title 1;</fpc>

Mstari huo unasema: ukiingizwa tu, ruka uende taito ya 1. Kwa hiyo intro iwe ndiyo taito ya 1, iwe ya kwanza kabisa kwenye orodha. Ukiwa umeiburuta mwishoni baada ya harusi, sherehe na picha za mnato, yenyewe ni taito ya 4, na mstari huu utafungua harusi badala ya intro. Hilo nalo limewahi kunipata.

Kabla hujachoma upya, hakikisha kwanza si deki inayokudanganya. Deki nyingi zinakumbuka mahali ulipoishia. Jana ulikuwa kwenye menyu ukazima, leo ukiwasha inaanzia hapohapo na kuruka getini. Bonyeza Stop mara mbili, au toa diski uirudishe, ndipo uhukumu. Vilevile kwenye kompyuta: ukifungua diski kwa programu ya VLC kupitia dirisha la kufungulia diski, kuna kisanduku cha kuruka menyu za diski (No disc menus). Kikiwa na tiki, VLC inaenda kwenye video bila kufuata amri za menyu, na utakesha unatafuta kosa ambalo halipo.

"Intro inacheza, halafu giza"

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na una sura tatu zinazofanana kwa nje, pamoja na ya nne isiyo na giza.

Sura ya kwanza ni ya Mbagala: post ya intro ni tupu. Dawa yake ni hii (pgc ni kipande, vob ni faili la video yake):

<pgc>
<vob file="intro.mpg"/>
<post>call vmgm menu 1;</post>
</pgc>

Angalia neno call. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kutoka kwenye taito kwenda kwenye menyu hautumii jump, unatumia call. Kutoka kwenye menyu kwenda kwenye taito ni kinyume chake, ni jump. Ukichanganya, dvdauthor itagoma na kukuandikia mistari ya makosa, na hiyo ni heri kuliko diski inayochomeka vizuri ikaja kukuaibisha ukumbini.

Sura ya pili: amri ipo, ila inaelekeza kwenye menyu isiyokuwepo. Ndani ya DVD menyu inaweza kukaa sehemu mbili, kwenye VMGM, ambayo ni ya diski nzima, au ndani ya kundi la taito (titleset), yaani taito zilizofungwa pamoja. Kama programu yako imeweka menyu ndani ya kundi na wewe umeandika vmgm, unamtuma mtu Kigamboni wakati mwenyeji wake yuko Kimara. Kama intro na menyu vimo kundi moja, inatosha kuandika call menu. Kama menyu iko kundi lingine, ni nafuu kuihamishia VMGM kuliko kusuka amri za kuzunguka.

Sura ya tatu inachekesha, kwa sababu intro haina hatia kabisa. Inaisha, menyu inakuja, inakaa kidogo, ndipo giza. Mteja anasema "intro inaua menyu". Kumbe menyu yenyewe haijaambiwa isubiri. Kama ni picha tuli, kipande chake kinahitaji pause="inf", yaani subiri mpaka mtu abonyeze. Kama ni menyu yenye video na muziki nyuma, post yake ijirudishe mwanzoni mwake, la sivyo muziki ukiisha na menyu inakwenda nao.

Ya nne ni pale unapoona intro, halafu harusi inaanza moja kwa moja, menyu haionekani mpaka mwisho wa kila kitu. Mara nyingi fundi ameunganisha intro na harusi kwenye faili moja wakati wa kuhariri, au ameziweka kama sura mbili (chapters) za taito moja. Mwisho wa sura hauna mlango wa kutokea kwenda menyu kwa jinsi tunavyofanya sisi. Zitenganishe ziwe taito mbili.

Kama mradi wenyewe umeshaupoteza na kilichobaki ni folda ya VIDEO_TS, ile yenye mafaili ya DVD yenyewe, usianze upya. Kuna programu ya bure, PgcEdit, inayofungua folda hiyo na kukuonyesha amri zote. Mstari wa juu ni First-Play. Unaweza kusahihisha amri bila kugusa video, na ina namna ya kufuata amri hatua kwa hatua mpaka uone safari inakatikia wapi. Fanya nakala ya folda kwanza. Nakala sita za mama wa Mbagala nilizitengeneza upya kwa njia hii, na ilinichukua muda mfupi kuliko foleni ya kwenda kwake.

"Nikibonyeza Tazama Harusi inanirudisha kwenye majina"

Hapa intro inaingia vizuri, inakabidhi menyu vizuri. Mteja anabonyeza kitufe cha kutazama harusi, majina ya dhahabu yanarudi na matarumbeta yake, kisha menyu tena. Anabonyeza, tena. Mzee mmoja aliniambia diski yangu ina mapepo.

Sababu ni hesabu. Menyu uliitengeneza kabla ya intro, wakati harusi ilikuwa taito ya 1, na kitufe kikaandikwa jump title 1. Ulipochomeka intro mbele, harusi ikasogea ikawa ya 2, kitufe kikabaki na anwani ya zamani. Baadhi ya programu zinasogeza namba zenyewe na baadhi hazisogezi, kwa hiyo pitia kitufe kimoja kimoja, hata vile vya sura na kile kidogo cha pembeni cha picha za mnato. Ndiyo maana mimi sasa, hata mteja asiposema lolote, natengeneza intro kwanza. Akiikataa naitoa mwishoni, lakini namba zote nazijua.

"Kila nikitaka menyu lazima nitazame intro kwanza"

Mteja yuko katikati ya harusi, anataka kuruka kwenda kwenye sherehe, anabonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti. Intro inaanza upya. Mara ya kwanza anavumilia. Mara ya tatu anakupigia.

Kuna njia mbili za kufika hapa. Moja ni ile ya mkato: fundi ameunganisha intro na video ya nyuma ya menyu kuwa kitu kimoja, vitufe vikawekwa juu yake. Unaitambua kirahisi, kwa sababu ukibonyeza mshale wa rimoti wakati majina yanatokea unaona kivuli cha kitufe kikihama juu ya uso wa bibi harusi, na menyu ikijirudia baada ya nusu dakika intro inajirudia nayo. Hakuna dawa ya kupaka juu. Vitenganishe.

Ya pili ni ya watu waliofanya vizuri karibu kila kitu. Wameweka intro kwenye VMGM ikiwa kipande cha kwanza, menyu kipande cha pili, na intro ikiisha inaruka kwenda cha pili. Tatizo ni bango la mlangoni. Kitufe cha rimoti kinachoitwa Title au Top Menu hakihesabu vipande, kinatafuta kile chenye bango la title (entry="title"). Bango likiwa kwenye intro, kitufe kitakupeleka kwenye intro. Hivi ndivyo inavyotakiwa:

<pgc>
<vob file="intro.mpg"/>
<post>jump menu 2;</post>
</pgc>
<pgc entry="title">
<button>jump title 1;</button>
<vob file="menyu.mpg" pause="inf"/>
</pgc>

Kwa mpangilio huu First Play inaelekeza jump menu 1, na harusi inabaki taito ya 1 bila kusogezwa na mtu. Mimi naupenda zaidi huu kuliko kuifanya intro taito. Namba hazivurugiki, na mtu akibonyeza kitufe cha kuruka nyuma akiwa mwanzo wa harusi hatumbukii kwenye intro.

Kuna kitufe kingine, kile kilichoandikwa Menu. Hiki kinatafuta menyu ndani ya kundi la taito, siyo ya diski nzima. Kundi likiwa halina menyu, deki inaonyesha alama ya kukataza na mteja anasema rimoti imekufa. Weka ndani ya kundi kipande kitupu, kisicho na video, kinachomsukuma mtu kwenda menyu kuu:

<pgc entry="root"><pre>jump vmgm menu 1;</pre></pgc>

Namba hapo iwe ya menyu yenyewe. Kwenye mpangilio wa juu ambapo intro ndiyo 1, hapa andika 2. Nimeona watu wanasahau hili na kurudi palepale walipotoka.

Intro isiyorukika ni swali la adabu zaidi ya ufundi. DVD zinaweza kukataza vitufe visifanye kazi kwa muda, na wapo mafundi wanaofunga vitufe ili kila mtu atazame nembo ya studio yao mpaka mwisho. Kama ni sekunde 5, sawa. Kama ni dakika moja na nusu ya namba za simu na ndege inayoruka juu ya daraja la Kigamboni, fungua. Kwenye PgcEdit utayaona makatazo hayo yakiwa kwenye kila kipande, na unayaondoa tu.

Intro nyembamba, intro bubu, intro inayokatakata

Sasa tunaingia kwenye klipu yenyewe. Klipu siku hizi zinatoka kwenye simu au zinashushwa mtandaoni zikiwa MP4, upana nukta 1920 kwa 1080, picha 30 kwa sekunde. DVD haijui hayo. Kwa mfumo wa PAL, tunaotumia hapa kwetu, inataka MPEG-2 ya nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na sauti ya hezi 48,000. Programu yako itageuza, ila ikigeuza kwa kubahatisha ndipo dalili zinapoanza. Mimi nageuza mwenyewe kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi, kabla sijaipeleka popote:

ffmpeg -i intro.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 intro.mpg

Watu wakionekana wembamba kama mianzi, au wafupi wanene, angalia umbo la picha. Ndani ya kundi moja la taito video zote lazima ziwe na umbo moja. Harusi ikiwa 16:9 na intro ya zamani ya studio ikiwa 4:3, moja itavutwa au kubanwa ifuate mwenzake. Ama ugeuze intro iwe 16:9 kwa kuiwekea weusi pembeni, ama uitenge kwenye kundi lake. Klipu iliyopigwa kwa simu ikiwa imesimama wima ni mateso. Iwekee picha ya maua au kitenge nyuma ijaze pembeni, kuliko kuikata vichwa.

Maandishi yanakatwa ukingoni? Hiyo ni TV ya chogo. Zinakula ukingo wa picha pande zote, na huko Tandika na Gongo la Mboto bado zipo sebuleni zinafanya kazi. Maandishi yaache nafasi kama asilimia kumi kila upande.

Sauti haipo kabisa kwenye intro wakati harusi inasikika: mara nyingi klipu haikuwa na sauti tangu mwanzo, au sauti yake imebaki aina tofauti na ya harusi. Ndani ya kundi moja sauti nazo zinatakiwa zilingane. Harusi ikiwa AC3, intro nayo iwe AC3. Klipu bubu iwekee sauti ya kimya badala ya kuiacha bila njia ya sauti, maana deki nyingine zikikosa njia hiyo zinachelewa kufungua sauti ya kipande kinachofuata:

ffmpeg -i intro.mp4 -f lavfi -i anullsrc=r=48000:cl=stereo -shortest -target pal-dvd -aspect 16:9 intro.mpg

Na kama intro inapiga kelele hata bibi anashtuka, halafu harusi inanong'ona, shusha intro. Usipandishe harusi mpaka MC akwaruze.

Midomo isiyoendana na sauti, hasa kwa klipu iliyotumwa WhatsApp, inatokana na simu kupiga picha kwa kasi isiyotulia, mara 30 mara 27. Mwambie mteja akutumie kama dokumenti isibanwe, kisha uigeuze kwa ile amri ya kwanza ya ffmpeg iwe 25 zilizotulia kabla ya kuhariri.

Kukatakata ni habari ya mzigo. Kikomo cha picha kwenye DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Intro za dhahabu inayomwagika na cheche zinazoruka zinakula mzigo mkubwa kuliko mtu aliyekaa anakula keki, na deki ya zamani inakwama hapohapo mwanzoni. Nisipite 8 kwa intro, ndiyo kanuni yangu. Kwa diski nzima hesabu ni rahisi: diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7, ukigawa kwa saa mbili unapata kama megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Mteja akitaka saa nne kwenye diski moja, mweleze atakachokiona, au mpe diski mbili.

Kwenye kompyuta safi, kwenye deki haisomi

VLC ni mpole kupita kiasi. Inasamehe makosa ambayo deki ya sebuleni haisamehi, kwa hiyo kufaulu kwenye VLC ni nusu ya mtihani.

Fungua diski kwenye kompyuta utazame kilichomo. Ukikuta faili la MP4 limelala peke yake, ulichoma data, hukuchoma DVD ya video. Lazima uone folda ya VIDEO_TS na ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB. Ukiikuta VIDEO_TS imo ndani ya folda nyingine yenye jina la maharusi, nalo ni kosa, itoe iwe juu kabisa. Mimi nachoma kwa ImgBurn, inaitambua folda hiyo na kupanga diski inavyotakiwa. Hakikisha diski imefungwa mwisho wa kuchoma, maana iliyoachwa wazi inasomeka kwenye mashine iliyoichoma na pengine si kwingine.

Kama vyote viko sawa na bado inakwama, shuka kwenye vitu vya mkononi. Choma kwa kasi ndogo, 4x au 8x, hata kama boksi limeandikwa 16x. Badilisha aina ya diski tupu. Kariakoo utapata za bei ya kutupa zilizofungwa hamsini hamsini, na nyingine ndani ya fungu hilo hazimalizi hata kuchomwa. Usibandike stika ya karatasi juu ya diski, inavimba kwa joto letu na kuifanya diski iyumbe. Andika kwa kalamu yake au tumia diski za kuprinti. Kisha jaribu diski ya dukani kwenye deki ileile. Ikikwama nayo, lenzi ya deki imechoka, na hilo mteja umweleze kwa heshima, ukiwa naye pale pale, siyo kwa simu.

Chagua pia eneo la diski liwe wazi kwa maeneo yote. Afrika sehemu kubwa, sisi tukiwemo, tuko eneo la 5, lakini shangazi aliyeko Uingereza yuko eneo la 2 na atataka nakala yake.

Kwa majaribio weka DVD-RW moja mezani. Unachoma, unaenda kwenye deki, unaona kosa, unafuta, unarudia. Yangu nimeiandika JARIBIO kwa kalamu nyekundu. Naipitisha kwenye deki mbili, moja mpya na moja kuukuu niliyoinunua kwa fundi pale Mwenge kwa sababu ni mbishi. Nikiwa nayo nabonyeza kila kitufe cha menyu, kisha Title, kisha Menu, kisha naiacha harusi iishe yenyewe nione inarudi wapi.

Kitu kimoja utakiona hata diski ikiwa nzima: kati ya intro na menyu kuna kusita kidogo, nusu sekunde au zaidi. Ni jicho la deki linahama kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine. Huwezi kukiondoa chote. Intro ikikaa VMGM pamoja na menyu kinapungua, na ukiifanya intro imalizike kwa kufifia mpaka weusi na sauti ishuke nayo, anayetazama hajui kama deki imesita.